Garimoshi la Mtu Asiye na Watu

Wifi yangu alimwona yule kijana aliyemtaka binti yangu na kasoro moja tu, na hiyo moja aliirudia mpaka majirani zetu wa Granville, hapa Sydney, wakaijua: hana watu.

Dini anayo. Alisilimu kabla hajamjua binti yangu, kwa hiyo hapo wifi hakupata pa kushika, ingawa alipatafuta sana. Kazi anayo, adabu anayo, akiingia ndani anavua viatu bila kukumbushwa, na ukimpa pilau anamaliza kisha anaomba ukoko. Ila mama yake alifariki yeye akiwa mdogo, hana kaka wala dada, hana ami wala mjomba. Ana baba mmoja tu, Mzungu mkimya anayeishi shambani na magarimoshi yake.

"Sasa nani ataleta posa?" wifi aliniuliza jikoni kwangu, huku akila mbaazi zangu kwa mkate wangu. "Mwanamume akija peke yake mlangoni kwa watu, huyo si mchumba. Huyo kaja kusoma mita ya umeme."

Mume wangu ndiye baba wa binti, lakini wazazi wake walifariki mapema kule Tanga, na ni huyo dada yake aliyemlea. Dada akisema la, ni la. Mazungumzo hayo yakianza, mume wangu hutoka nje kwenda kuangalia matairi ya gari, na gari letu halijapata kuwa na matairi mazuri kama mwaka ule.

Binti naye alishaniambia waziwazi, kwa Kiingereza chake kama kawaida: bila radhi ya shangazi haolewi na huyu, na bila huyu haolewi na mwingine yeyote. Sasa huyu ni mtoto ambaye tangu aanze kusema hajapata kuulizwa neno akanyamaza. Anabishana na kila kitu, kuanzia chumvi kwenye wali mpaka serikali. Nimezoea apandishe sauti. Siku ile alisema polepole, akiwa anakausha sahani, nikaogopa.

Ndipo kijana akatualika. Baba yake ana reli yake mwenyewe, si ya serikali wala ya kampuni, ni yake. Ni reli nyembamba, ameitandika shambani kwake, kupita Macquarie Fields, huko nyumba zinakoanza kuachiana nafasi. Siku chache kwa mwaka hufungua geti, akawasha injini za makaa, watu wakaja kutazama na kupanda. "Njooni Jumapili," kijana alisema. "Baba anataka sana kuwaona."

Mimi nilielewa kwamba tunakwenda kutembea. Wifi alielewa kwamba tunakwenda kwenye shughuli. Mwanamume amefungua nyumba yake, kaita watu, kataka kuwaona wazazi wa binti, hiyo nini kama si shughuli? Na kwenye shughuli ya watu haendi mtu mikono mitupu, maana mkono mtupu haulambwi. Jumamosi nzima alikuwa kwake Bankstown anakaanga, na Jumapili asubuhi akaja na sinia mbili, moja ya sambusa na moja ya visheti na vileja, zimefunikwa kawa za ukili. Mkononi kashika chetezo na kijaluba cha udi.

"Mum, no," binti alisema alipotuona. Akatueleza kwamba kule ni makaa na grisi, watu wanavaa nguo za kuchafua. Mume wangu alikuwa kwenye kanzu nyeupe, mimi kwenye gauni nililoshona kwa harusi ya mwaka jana, na wifi kwenye buibui lenye vito mikononi.

"Garimoshi livae litakavyo," wifi akamjibu. "Sisi tutavaa hivi."

Aliyetupeleka ni jirani yangu Mkongomani, mama wa kanisa anayefanya kazi ya kuhudumia wazee, mwenye gari kubwa kwa sababu ya kwaya, maana letu lisingetosha sisi na masinia. Nilipomwambia habari ya safari yetu hakuuliza mengi. "Mama, iyo train ni ya batoto ao ni ya bakubwa?" Nikamwambia ya wote. "Voilà," akasema, akachukua funguo.

Alituteremsha getini pamoja na masinia, yeye akaenda kuegesha gari upande wa pili wa shamba, kule reli inakoishia, karibu na bwawa, ndiko magari yote yalikopelekwa siku ile. Kijana alikuwa anatungoja. Akasema neno na mwenye meza ya getini, tukapitishwa moja kwa moja bila kusimama kwenye foleni, na hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa sababu wifi hakuona mtu hata mmoja akilipa.

Alichoona ni umati. Uwanja mzima ulijaa: wazee na kofia zao, akina mama na vikapu, watoto kwenye vigari vya kusukuma na wengine mabegani kwa baba zao. Wifi akasimama, akanishika mkono.

"Wote hawa?" akaninong'oneza.

Kabla sijauliza wote hawa nini, alikuwa keshaingia kati yao na sinia. Akaanza na bibi mmoja aliyekaa kwenye kiti cha kukunja. Akampa mkono, akamwambia kwa Kiingereza chake cha kutosha, "Mimi shangazi wa binti," akampa sambusa. Bibi wa watu akashukuru, akala. Wifi akaenda kwa wa pili. Wanawake aliwapa mkono, wanaume aliwawekea mkono kifuani, watoto aliwashika mashavu, na kila mmoja alitajiwa kwamba huyu ni shangazi wa binti na kila mmoja alipata sambusa yake. Nani atakataa sambusa? Punde si punde ikawa foleni. Bwana mmoja akauliza kama kuna pilipili, wifi akamtolea chupa ya pilipili ya ukwaju mkobani, macho yamemjaa furaha.

"Umemwona yule mwenye nywele nyekundu?" aliniambia alipokuja kuchukua sinia ya pili. "Damu moja na kijana. Tazama masikio. Wamezaliana hawa, mashaallah. Na nyinyi mlikuwa mnaniambia hana watu."

"Sisi?" nikasema.

Nilikwisha kuanza kufahamu, sikatai. Lakini ukila na kipofu usimguse mkono. Tangu kijana aanze kuja kwetu sikuwa nimemwona wifi akicheka habari zake, na nikajisemea, acha acheke leo, kesho Mungu mkubwa.

Akawasha na chetezo, ili wakwe wanukie. Moshi haujafika puani kwa mtu, akaja mzee mmoja mrefu kwenye ovaroli, ndevu nyeupe, mbio kwa kadiri ya magoti yake. Akasema samahani sana mama, lakini moto wa wazi hauruhusiwi hapa, ni hatari. Nyuma yake, hatua chache tu, injini ndogo ya kijani ilikuwa inatoa moshi mweusi ungesema nyumba inaungua, cheche zinaruka, na kijana mwingine anaitia makaa kwa koleo. Wifi akaiangalia injini. Akamwangalia mzee. Akamkabidhi chetezo, na mume wangu akageuka akacheka mpaka kofia ikamdondoka.

Kisha akaja baba wa kijana mwenyewe. Alitokea chini ya injini, kweli chini yake, akijiburuta kwa mgongo. Mtu mwembamba, mikono ya grisi mpaka kiwikoni, hakujua aiweke wapi, mwisho akaificha nyuma. Akatuuliza kama tumepata chai. Akaangalia viatu vyake. Akasema injini imeamka vizuri leo. Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yake.

"Mwambie," wifi akaniagiza kwa madaha yake yote, "tumefurahi kuona ukoo wake ulivyo mkubwa."

Nikawa natafuta cha kusema badala ya hicho. Ningekipata, wallahi, mimi si mtu wa kukosa neno. Lakini binti alikuwa amesimama hapo, na binti yangu hawezi kuuacha uongo ukapita hata kama unakwenda zake na hauna shida na mtu.

"Shangazi, hawa si ndugu zake," akasema. Akamalizia kwa Kiingereza: wamekata tiketi getini. Hawamjui. Ni watu tu waliokuja kupanda treni.

Wifi akaangalia sinia, ilikuwa imebaki makombo na kisheti kimoja kilichovunjika. Akamwangalia yule bwana wa pilipili, ambaye alimpungia mkono.

"Kwa hiyo sambusa zangu zimeliwa na abiria."

"Wifi..."

"Twendeni nyumbani."

Hasira yake ilikuwa kubwa hivi kwamba aliacha masinia yake hapo hapo juu ya benchi, na huyu ni mwanamke anayejua kila bakuli lake liko nyumba gani Sydney nzima. Kijana alitufuata akijaribu kusema, akaambiwa asante, tumeona, tumeshukuru. Sasa gari liko upande wa pili, magoti ya wifi si ya kuvuka shamba, na njia ya kufika huko ni moja. Ikabidi mkali wetu aondoke kwa hasira akiwa amepanda garimoshi la mtu yule yule aliyemkasirikia.

Mabehewa yenyewe ni madogo, yako wazi, ukikaa magoti yanakugusa kidevu. Wifi alikaa wima katikati ya watoto wa watu, masizi yanamdondokea usoni, hapangusi. Kila tulipopita, watu walisimama kandokando ya reli wakatupungia, ndiyo desturi ya mahali pale, na wewe unapaswa kupunga. Mkono wangu ukapunga wenyewe. Mume wangu akapunga. Wifi hakupunga. Binti alikuwa ametazama nje, anajifuta macho, na nilipomgusa bega akasema ni moshi. Upepo ulikuwa unapeleka moshi upande wa pili. Nilimkasirikia wifi yangu pale mpaka meno yakaniuma, nikaona mtoto wangu atazeekea nyumbani kwa sababu ya sambusa.

Tukafika mwisho wa reli. Pana kibanda cha bati chenye benchi, bwawa lenye mabata, na magari yamepangwa kwenye majani. Jirani yangu alikuwa amesimama pale anatungoja, na sisi tulipokuwa tunashuka, yeye alikuwa anapanda.

"Mungojee kidogo," akasema akijibana kwenye behewa la mbele. "Miye sijapanda bado."

Nilipiga hatua tatu kumfuata, nikamweleza mbiombio kwamba mambo yameharibika, wifi kasema kijana hana watu, tunataka kwenda. Akatikisa kichwa kwa huruma sana. Honi ikalia, treni ikaondoka naye, na funguo za gari zimo mkobani mwake.

Basi tukakaa kwenye kibanda. Mume wangu, kwa kukosa gari la kwake, akaenda kuangalia matairi ya magari ya watu. Binti akasimama kwenye bwawa na mabata. Mimi nikabaki na wifi, na nilikuwa nimejitayarisha kumwambia maneno yangu yote ya miaka yote.

Yeye akaanza. "Unaniona mkorofi."

"Nakuona," nikasema.

"Mimi yule mume wa kwanza alipokuwa ananipiga, nani alikwenda? Baba alikuwa hai bado, lakini hakwenda kwa mume. Alikwenda kwa ami zake, kwa watu wake, akakaa barazani kwao akawaambia, mwanenu anafanya hivi. Wao ndio waliokuja kunitoa mle ndani. Wao, si polisi." Akapangusa masizi sasa, yakazidi kuenea. "Watu si wa kula pilau ya harusi tu. Huyu siku akimkosea mtoto wetu, nikabishe hodi kwa nani? Kwa injini?"

Nikayameza maneno yangu. Habari ya mume wa kwanza nilikuwa naijua nusu, kama ukoo mzima. Mtu ni watu, na mimi mwenyewe humu Sydney nimelia mara ngapi kwa kutokuwa na mtu wa kumwendea.

Tukakaa tukisikiliza mabata, mpaka honi ikalia tena.

Treni ilirudi na behewa moja tu. Watoto hakuna. Mbele, karibu na dereva, jirani yangu kasimama, uso mweusi tititi kwa masizi, na ndani ya behewa wamejipanga wazee sita kwenye ovaroli, magoti videvuni. Walikuwa wamenawa uso, lakini waliishia kwenye masikio. Baba wa kijana alikuwa wa mwisho, kavaa tai juu ya shati lenye grisi. Kijana mwenyewe nilimwona kwenye injini, anajifanya kutia makaa, kwa sababu jirani alimkataza kushuka: anayeposewa hajileti mwenyewe.

"Nimebaeleza," jirani akaniambia akishuka. "Nimebaambia, kama muko famille yake, mukuye museme."

Yule mzee mrefu alishika sinia ya wifi, imefunikwa kawa, ingawa kawa ilikuwa juu chini. Mwingine alibeba chetezo kwa mikono miwili. Kumbe baada ya kukizima walikaa wakajadiliana, wakaona wametukosea, wakaenda kukiwasha tena kwa kaa la moto kutoka tumbo la injini. Makaa ya mawe na udi havielewani. Harufu iliyotoka mle bado iko kwenye gauni langu.

Mzee akafunua sinia. Ilikuwa imejaa mikate midogo ya maziwa ile wanayokula na jemu, ya meza ya chai.

Wifi akaitazama. Kwetu, chombo cha mtu hakirudi kitupu. Ukiletewa futari, bakuli utalirudisha na chochote, hata ndimu mbili. Baadaye nilimuuliza jirani kama ndiye aliyewafundisha hilo. Akasema hapana, yeye alisema tu sinia ni la mama, limrudie.

"Kaeni," wifi akawaambia, akawaonyesha benchi la kibanda kama ni sebule yake ya Bankstown, naye akasogea. Mume wangu alikuja mbio kutoka kwenye magari. Mimi nikawa mkalimani.

Mzee mrefu akavua kofia. Akasema yeye si hodari wa kusema. Akasema wao wanakuja hapa kila Jumamosi, tangu reli hii ilipokuwa rundo la vyuma. Mama wa kijana alipofariki, mtoto hakuwa na pa kukaa baba akifanya kazi, akawa analala juu ya magunia karakanani, wao wanapokezana kumwangalia. Akasema, mimi nilimfundisha kufunga kamba za viatu. Akamwonyesha wa pili: huyu alimfundisha gari. Wa tatu ndiye aliyempeleka hospitali alipoungua mkono. Wa nne alikwenda shuleni kila alipoitwa mzazi, kwa sababu baba yake anaona haya. Baba mtu akaangalia viatu. "Tumekuja kumwombea," mzee akasema.

Nilitafsiri yote, sikuongeza chumvi. Haikuhitaji.

Wifi akauliza swali moja. "Waulize, siku akimkosea mtoto wetu, tumwendee nani?"

Niliwauliza. Mzee mrefu akanyoosha mkono. Wa pembeni yake akanyoosha. Wakanyoosha mmoja baada ya mmoja, kama darasani, isipokuwa mmoja ambaye hasikii vizuri. Mwenzake akamwinamia sikioni akamweleza, na alipoelewa alinyoosha mikono yote miwili. Baba wa kijana naye alikuwa keshanyoosha wake, na kwa ule mwingine alikuwa anafuta machozi, grisi ikampaka uso mzima.

Wifi alichukua mkate mmoja wa sinia, akaumega, akaula. Alitafuna taratibu, sisi sote tunamtazama mdomo. Kisha akageuka kwa binti, ambaye alikuwa amesogea mpaka mlangoni mwa kibanda.

"Umewasikia watu wa mwenzio," akamwambia. "Unasemaje?"

Binti akafungua mdomo. Nikasema moyoni, haya, ndiyo hayo, atatuharibia tena, atauliza kwa nini wanawake hawamo, atauliza kwa nini yeye haulizwi kwanza. Akanitazama mimi. Akaufunga. Akainamisha kichwa, akaangalia vidole vyake, na hakusema kitu.

Injini ikapumua. Mabata yakatulia. Hakusema kitu bado. Na wifi yangu akaweka mkono kifuani, machozi yanachimba njia kwenye masizi, maana kwetu msichana akiulizwa posa mbele ya wazee wake, anayekataa ndiye husema.

Wale wazee hawakujua hilo. Niliona nyuso zao zikisawijika moja moja. Mzee mrefu akaiminya kofia yake mikononi, akaniinamia.

"Amekataa?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Amekubali."

"Lakini hakusema hata neno."

"Baba," nikamwambia, "huyu nimemzaa mimi, na leo ndiyo mara ya kwanza namsikia ananyamaza."